Jiwe la figo la milimita 26: atobolewe mgongoni au apigwe leza kupitia njia ya mkojo?

Mkuu, umesema jiwe la mzee lina milimita 26, daktari mmoja anataka kumtoboa mgongoni (PCNL), mwingine anataka leza kupitia njia ya mkojo (RIRS), na wewe unaegemea leza kwa kuwa haiachi kidonda. Kidonda ni jambo dogo. Uliza ataingia chumba cha upasuaji mara ngapi.

Mashine ya mawimbi ya nje, ile inayopiga jiwe kutoka nje ya mwili bila kupasua, iache. Kwa ukubwa huo vipande hushuka kwa mkupuo, vinajipanga kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu na kuziba figo. Na kama CT inasoma zaidi ya 1,000 kwa vipimo vya Hounsfield (kipimo cha uzito wa kitu kwenye picha ya CT), jiwe ni gumu, huenda lisivunjike.

PCNL ndiyo chaguo la kwanza jiwe likizidi milimita 20. Mgonjwa analazwa usingizi, katheta inapandishwa kutoka kibofuni, dawa ya rangi inasukumwa ili vyumba vya figo vionekane kwenye eksirei. Sindano inalenga ncha ya chumba cha nyuma. Ikipita kwenye shingo ya chumba, au ikienda moja kwa moja katikati ya figo, inakutana na mishipa mikubwa, na hapo ndipo damu nyingi hutoka. Waya unafuata, halafu vipanuzi, hadi tundu lifike Fr 24 au 30 (Fr, yaani French, ni kipimo cha upana wa mirija ya hospitali). Fr 3 ni milimita moja, kwa hiyo tundu kubwa kabisa ni sentimita moja. Kifaa cha ultrasaundi kinasaga jiwe huku kinafyonza vumbi, ndiyo maana kazi inakwenda haraka. Mini-PCNL, Fr 14 hadi 20, hupunguza damu lakini jiwe lazima lisagwe dogo zaidi, muda unarefuka. Tundu likipita juu ya mbavu ya 12, hewa au maji yanaweza kuingia kifuani. Akisharudi nyumbani, mkojo ukigeuka damu tupu hata wiki ya pili, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo: huenda mshipa umevimba na kupasuka.

Leza ni nzuri, ila piga hesabu: jiwe la milimita 26 lina ujazo mara nane ya lile la 13. Kazi ikivuka dakika 90 hivi, presha ya maji yanayopitishwa ndani ya figo inazidi kusukuma bakteria kwenye damu, kwa hiyo daktari makini anasimama na kupanga awamu ya pili. Jiwe likiwa chumba cha chini chenye kona kali, kamera inapinda kwa shida. Mimi ningeichagua RIRS kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda zisizoweza kusimamishwa, au mgongo umepinda kiasi cha kutomlaza vizuri.

Njia yoyote ile, mkojo uoteshwe maabara kwanza kuona kama una bakteria na maambukizi yatibiwe. Kupasua jiwe lenye bakteria bila antibayotiki sahihi ndiko kunakopeleka watu ICU, hata operesheni yenyewe ikienda vizuri.

Kisha stenti, mrija mwembamba unaoachwa ndani kati ya figo na kibofu. Ikikaa kupita miezi mitatu huanza kuota magamba, na kuitoa inakuwa operesheni nyingine. Tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye karatasi yake ya ruhusa kabla hamjaondoka wodini.