Tarehe ya Harusi Haiulizwi Simu

Msomaji mmoja ameniandikia: harusi yake ni Aprili hapa Nairobi, lakini Januari hii jua linawaka na simu yake inaonyesha anga safi. Je, aache kukodi mahema?

Ndugu yangu, simu inakupa hali ya hewa, yaani mvua, jua na upepo wa leo na siku chache zijazo. Utabiri ukishapita siku kumi hivi, usiutegemee. Ya Aprili iulize tabianchi, ile kawaida ya mahali kwa miaka mingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima kawaida hiyo kwa miaka 30; kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Na kawaida ya Nairobi ni masika Machi hadi Mei, Aprili ikiwa katikati.

Mimi nala kwa kukodisha mahema. Nilipoanza, wenzangu walinunua meupe ya kupendeza, yasiyo na kuta. Mimi nikamwaga akiba yangu kwenye yenye kuta na maturubai ya kutandika chini. Walinicheka mbele ya wateja, mmoja akanibatiza Nuhu wa Kayole. Kisha ukaja ukame: kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo mvua zikawa haba sehemu nyingi za nchi. Jina likanata. Hata nyumbani niliambiwa niyauze. Sikuyauza, kwa sababu miaka miwili mikavu haifuti miaka 30.

Aprili 2024 mafuriko yalibomoa nyumba Mathare na kuua watu, na hilo hakuna wa kulifurahia. Lakini sherehe za mji ziliendelea, na aliyenibatiza alikuja kukodi kwangu. Nilimpa kwa bei ya kila mtu. Sikumpunguzia hata shilingi.

Vijana mnaotaka biashara za sherehe za uwanjani, jifunzeni mji wenu! Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Julai ni mawingu na baridi, nasi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba sweta lake linakanusha ongezeko la joto duniani. Jifunzeni mji wenu, narudia.

Kweli, masika huchelewa au hukatika mapema. Ndiyo maana wiki ya sherehe ikifika nafungua utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na hapo ndipo naamua kama kuta zipakiwe kwenye lori au zibaki stoo.