Kwa mnaoanza kufanya kazi na takwimu za joto na ukame Kilimanjaro

Wadogo zangu, karibuni. Mtakabidhiwa faili la takwimu za joto na mvua za miaka mingi kutoka vituo vinavyouzunguka mlima, na mtatamani kuchora mstari wa mwelekeo siku hiyohiyo. Subirini. Nendeni kwanza mkavione vituo vyenyewe.

Mlimani, kila mita 100 unazopanda, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6. Ndiyo maana Moshi mjini, kwenye mita 800 hivi, watu wanatokwa jasho, wakati Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima huu, kwenye mita 5,895, wastani wa mwaka uko chini ya sifuri. Sasa chukua kituo kilichohamishwa mita 100 tu kupanda mteremko. Takwimu zitasema mahali hapo pamepoa, na upoaji huo wa karatasini unaweza kuficha ongezeko la joto la miongo kadhaa. Angalieni pia kama kibanda cheupe cha vipimajoto bado kiko kwenye nyasi, au kimezungukwa na mabati na lami.

Kisha fungueni madaftari ya wapimaji. Mvua husomwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo maji yanayokutwa kwenye kipima mvua kwa sehemu kubwa ni ya jana; hakikisheni miaka yote imeandikwa kwa utaratibu mmoja. Na nawasihi sana: nafasi tupu si sifuri. Mwezi ambao mpimaji aliugua, ukijazwa sifuri kwenye kompyuta, unazaa ukame ambao hakuna mkulima aliyeuona.

Kwenye joto, msitosheke na wastani. Tenganisheni joto la juu la mchana na joto la chini la usiku, maana hayaendi pamoja. Utafiti wa kahawa ya arabika nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa joto la usiku ndilo linaloumiza zaidi: kila ongezeko la nyuzi 1 liliambatana na upungufu wa kilo 137 hivi kwa hekta. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, hahitaji wastani wako wa mwaka. Anahitaji kujua usiku wake umebadilikaje.

Mtaulizwa kuhusu barafu, tena mara nyingi. Ni kweli kwamba kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Lakini msikimbilie kusema ni joto peke yake. Kule juu hewa kwa kawaida ni ya baridi kali, na sehemu kubwa ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Watafiti waliokaa na vipimo kileleni wanaonyesha kuwa hewa ya Afrika Mashariki ilikauka kuanzia mwishoni mwa karne ya 19: mawingu yakapungua, theluji mpya ikapungua, na jua likaipiga barafu isiyo na kifuniko. Kwa hiyo barafu ile ni ushahidi wa ukavu kama ilivyo wa joto. Wala si barafu inayojaza mito yetu; maji mengi yanatoka kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu. Msitu wa juu ukiungua, kama ulivyoungua Oktoba 2020, hilo linahusu maji kuliko barafu inavyoyahusu.

Kwa ukame, wengi hutumia kipimo cha SPI, kilichotolewa mwaka 1993, kinachoonyesha mvua ya kipindi fulani iko juu au chini kiasi gani ukilinganisha na kawaida ya mahali hapo. Kwa mahindi ya tambarare tazameni mvua ya miezi mitatu. Kwa chemchemi, miezi 12 au zaidi. Masika na vuli zihesabiwe mbalimbali, la sivyo vuli nono itaifunika masika iliyokufa. SPI haijui joto, kwa hiyo ongezeeni SPEI, inayohesabu pia maji yanayopotea hewani. Na chungeni mwaka wa kuanzia: ukianza na mvua za El Niño za 1997 na kuishia 2022, mwaka ulioanza mifugo ikifa Simanjiro na Longido, mstari utaelekea kushuka hata kama katikati hakuna mwelekeo wowote. Sogeza mwanzo na mwisho, uone kama jibu linasimama.

Mkishapata jibu, lipelekeni kwa wazee wa mfongo, yaani wasimamizi wa mfereji wa asili wa kumwagilia. Waulizeni ni mwaka gani zamu za maji zilianza kupangwa hadi usiku, na ni kijito kipi kilichokuwa hakikauki Februari na sasa kinakauka. Maji ya mfongo hupungua pia kwa sababu watumiaji wa juu wameongezeka, kwa hiyo maneno yao yaandikeni kando ya takwimu za mvua, mwaka kwa mwaka, na pale yanapopishana ndipo pa kuanzia uchunguzi.