Kuongeza tempo ya wimbo wa kwaya bila kupandisha kii

Mwalimu wa Moshi, swali lako nimelielewa hivi: wimbo wa kwaya una tempo (mwendo) ya biti 96 kwa dakika na urefu wa dakika 4 na sekunde 20, wanaocheza kwenye video wanalalamika kwamba unaburuta, na wewe unataka ufike 104 bila kii kupanda, yaani bila sauti ya kwanza kuwa nyembamba kama ya katuni. Audacity hiyo hiyo uliyonayo, programu ya kuhariri sauti, inatosha. Kazi nyingi za aina hii huharibika kwenye vipimo, kabla hata programu haijaguswa.

Anza kwa kuhakikisha kuwa hiyo 96 ni 96 kweli. Kuza mawimbi ya sauti kwenye skrini, weka alama biti ya kwanza inapogonga, hesabu hadi biti ya 33, weka alama nyingine. Hapo katikati kuna nafasi 32. Wengi wanaishia biti ya 32 wakidhani wamepata 32, kumbe nafasi ni 31 na hesabu yote imepinda. Muda ukiwa sekunde 20 kamili, 32 gawanya kwa 20, zidisha kwa 60: ni 96. Rudia kipimo hicho katikati na mwishoni mwa wimbo, kwa sababu kwaya iliyoimba bila kliki (mlio wa kuhesabia biti) masikioni ni nadra isikimbie. Ukikuta mwanzo ni 94 na mwisho ni 99, halafu ukauongezea wimbo mzima kiwango kimoja, utapata karibu 102 mwanzoni na 107 mwishoni. Wachezaji wataendelea kulalamika, ila sasa watakosea hatua kwenye kiitikio cha mwisho.

Kama tempo imetulia, mambo ni mepesi. Chagua wimbo wote, nenda Effect, kisha Pitch and Tempo, kisha Change Tempo. Kwenye biti kwa dakika andika 96 kushoto na 104 kulia, asilimia itajijaza yenyewe: 8.333. Angalia na urefu: sekunde 260 zinakuwa 240, yaani dakika 4 kamili. Ukiona namba nyingine hapo, umechagua kipande tu cha wimbo. Usichanganye na Change Speed and Pitch, jirani yake kwenye menyu hiyo hiyo. Hiyo inazungusha wimbo kama kaseti iliyoongezwa mwendo, na kwa asilimia 8.33 inapandisha sauti zaidi ya nusu toni moja, karibu 1.4. Mpiga kinanda akitaka kuongeza kitu juu yake hatapata kii ya kushika, maana wimbo umekaa katikati ya vitufe.

Kuna kisanduku cha ubora wa juu kwenye dirisha hilo la Change Tempo. Wengi wanakiwekea tiki wakiamini ubora ni ubora. Si hivyo. Njia ya kawaida hukata sauti vipande vidogo sana na kuviunganisha upya kwa kuvipandanisha. Ngoma hubaki kali, lakini sauti ndefu za waimbaji zinaweza kutetemeka. Njia ya kisanduku hutengeneza sauti upya, waimbaji wanatoka laini, ila pigo la ngoma linalegea na kofi linasikika kama limepigwa na watu wawili. Kwaya ya sauti tupu, weka tiki. Yenye dramu na gitaa la besi, acha. Jaribu zote mbili kwa sekunde 30 za kiitikio na usikilize kwa hedifoni, si kwa spika za kompyuta.

Kama wimbo unakimbia, itabidi uukate. Toleo la 3.4 la mwaka 2023 na yaliyofuata yanakuruhusu kushika Alt na kuvuta ukingo wa kipande kukirefusha au kukifupisha, kii ikibaki palepale. Kata mwanzo wa beti au wa kiitikio, pale biti ya kwanza inapogonga. Usikate katikati ya neno wala kwenye mwangwi wa kanisa, kwa sababu mkia wa sauti utasikika umekatika. Kipande cha 94 kinahitaji asilimia 10.6, cha 99 kinahitaji 5.1.

Kuhusu maikrofoni nyingi: kama kwaya ilirekodiwa pamoja ukumbini, ngoma imeingia kwenye maikrofoni ya soprano na soprano ameingia kwenye ya besi. Ukibadilisha tempo ya kila traki peke yake, programu inakata kila moja mahali tofauti, na ukizichanganya utasikia sauti kama ya ndani ya bomba. Changanya kwanza upate stereo, ndipo ubadilishe. Traki zilizorekodiwa mojamoja studio hazina shida hiyo.

Fanya mara moja tu, kutoka WAV ya asili, yaani faili la sauti lisilobanwa. Asilimia 4 mara mbili si 8.33, ni 8.16, na sauti imechakazwa mara mbili. Ukijuta, fungua faili la asili. Usijaribu kurudisha kwa kutoa 8.33, maana namba sahihi ni 7.69 na hata hiyo haifuti makovu. Kwa sikio langu, hadi asilimia 5 hakuna anayegundua, 8 inavumilika, na ikipita 12 ni heri kwaya iimbe upya na kliki.

Jambo la mwisho ni la mpiga video. Mpe WAV ya sampuli 48,000 kwa sekunde, iliyobadilishwa vizuri kutoka 44,100. Faili la 44,100 likisomwa kimakosa kama 48,000 linakimbia kwa asilimia 8.8, karibu sawa kabisa na ulichokuwa unatafuta, ila na sauti za watoto. Mtu anaweza kukulaumu wewe bure. Na kama picha zilishapigwa kwa wimbo wa zamani, midomo itaachwa nyuma sekunde 20 wimbo ukifika mwisho, kwa hiyo naye aweke mwendo wa picha asilimia 108.33.