Dohani inayotikiswa na upepo wa wastani

SWALI: Dohani yetu ya chuma ina kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 16. Upepo wa wastani huitikisa mpaka nati za chini zinalegea. Ukivuma mkali, inatulia. Tena huyumba kuukingama upepo, si kuufuata. Tuweke bati nene zaidi?

JIBU: Bati nene halitawafaa sana. Hewa inayopita kwenye silinda haiwezi kuufuata mgongo wake wote. Huachana na ukuta na kujikunja kuwa vimbunga vidogo, kimoja kushoto, kinachofuata kulia, kwa zamu. Kimbunga kinapojikunja, mgandamizo wa hewa upande huo hushuka na dohani huvutwa huko. Ndiyo maana inakingama upepo.

Kwa kila upande, marudio ya mivuto kwa sekunde ni 0.2 (namba ya Strouhal) mara kasi ya upepo, gawanya kwa kipenyo. Sasa pimeni dohani yenyewe: siku tulivu, ivuteni kwa kamba, iachieni, hesabuni mayumbo 20 ya kwenda na kurudi. Yakichukua sekunde 10, inayumba mara 2 kwa sekunde, na kwa vipimo vyenu tunatarajia karibu na hapo. Kasi ya hatari ni 2 × 0.5 ÷ 0.2, yaani mita 5 kwa sekunde: kilomita 18 kwa saa, upepo wa kila siku. Ukifika mita 8, mivuto hupita mara 3 kwa sekunde na dohani haiitikii tena. Ubaya ni kwamba ikishaanza kuyumba, vimbunga navyo hufuata mwendo wake, kwa hiyo upepo kubadilika kidogo hakuitulizi.

Msilipuuze tatizo hili. Mara 2 kwa sekunde ni mara 7,200 kwa saa. Saa 140 za upepo wa namna hiyo zinatimiza milioni, na nyufa huanzia kwenye maungio ya kuchomelea pale chini. Kagueni hapo kwanza.

Bati nene huongeza ukakamavu na uzito kwa pamoja, hivyo marudio hubaki karibu yaleyale. Kukaza dohani kwa nyaya huyapandisha, lakini yakifika 3, kasi ya hatari huwa mita 7.5, na kani huongezeka mara 2.25. Tiba ya kawaida ni mapezi matatu ya bati yaliyochomelewa kuizunguka kama uzi wa skrubu, theluthi ya juu: kimo sentimita 5, mzunguko mmoja kila mita 2.5. Huvuruga vimbunga visibanduke kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba msukumo wa upepo mkali huongezeka, kwa hiyo pigeni upya hesabu ya bolti na msingi kabla ya kuchomelea.

SWALI: Naiga mtiririko kuizunguka silinda kwa kompyuta, pande mbili tu (2D, bila urefu wa silinda), namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu ya mwendo na mnato wa kimiminika au hewa) 3,900. Kizidishi cha ukinzani (namba ya kupima mtiririko unavyoisukuma silinda) kinazidi mno kile cha maabara, karibu 1. Nisage gridi (vijisehemu vya hesabu) iwe laini zaidi?

JIBU: Hapana. Kuanzia namba ya Reynolds kama 190, vimbunga hupindapinda kwa urefu wa silinda na kudhoofika. Pande mbili zinavizuia, vinabaki na nguvu karibu na mgongo, na ukinzani unapanda. Ongeza upande wa tatu (urefu wa silinda), angalau kipenyo mara 3, tupa mizunguko ya mwanzo ya vimbunga, kisha chukua wastani wa makumi ya mizunguko. Kani ya ubavuni ikikamilisha mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi, ukinzani unapaswa kupanda na kushuka mara mbili. Usipoona hivyo, kagua mipaka ya eneo lako la hesabu.