Maswali ya waya za tanuri: wacheni kusugua!

Nimefungua tanuri langu la vyungu, koili za Kanthal zote zimegeuka kijivu. Nipige msasa zing'ae? (Changamwe)

Usipige! Hili swali laja kila mara na jibu ni lile lile. Hiyo kijivu si uchafu, ndiyo inayokushikia tanuri. Ule waya ni chuma, kromiamu kama asilimia 22 na alumini kama 5 hivi, ukishika moto ile alumini yakutana na oksijeni pale juu yafanya ganda la alumina (oksidi ya alumini), jembamba mno, maikroni chache tu, lakini laziba hewa isifikie chuma. Ukilikwangua waya utajenga jengine, sawa, ila alumini ya kujengea yatoka humo humo ndani na hakuna wa kuirudisha, ikishapungua sana ganda halijengeki tena, chuma chaanza kuungua chenyewe na hapo koili kwisha. Ndo maana waya mwembamba hufa mapema. Wa milimita 2 una akiba ya alumini mara mbili ya wa milimita 1 kwa eneo lile lile la ganda, lakini watu mwanunua mwembamba sababu bei yake ni rahisi alafu mwamlaumu fundi.

Nitajuaje kama niliyouziwa ni Kanthal ama nikromu? (Kongowea)

Sumaku. Kanthal ikiwa baridi yashikwa, nikromu ya 80/20 (nikeli 80, kromiamu 20) haishikwi. Na usizichanganye, nikromu mwisho wake 1200°C, Kanthal A-1 yafika 1400.

Stenlesi ya 304 yafaa kwa shelfu ndani ya tanuri la 1200? (Likoni)

Haifai, na nshasema. Ganda lake ni la oksidi ya kromiamu, ukipita 1000 laanza kwenda na mvuke, na kwa kazi ya kuwasha na kuzima 304 mwisho ni kama 870.

Keramiki za MAX zitachukua nafasi ya hizi waya? (mwanafunzi, Tudor)

MAX gani? Mwaziandika kama kitu kimoja, na ni jamii nzima: M ni metali kama titaniamu, A ni kama alumini ama silikoni, X ni kaboni ama nitrojeni. Ti3SiC2, ile Michel Barsoum wa chuo cha Drexel, Marekani, aliyoielezea na mwenzake 1996, A yake ni silikoni, haina alumini, kwa hivo juu yake huota oksidi ya titaniamu ambayo hukua haraka. Ti2AlC ndo yenye ganda la alumina, hata ikipata ufa moto wajaza ile alumina ufa ukajiziba. Angalia herufi ya kati, ile A, ni Si (silikoni) ama Al (alumini), kwanza kabla hujaandika ripoti.

Koili imelegea, nimejaribu kuirudisha kwa mfereji wake ikakatika tak! Ni feki? (Mtwapa)

Si feki mwanangu, umeikunja baridi. Moto hukuza chembe za chuma mle ndani na waya uliokwisha tumika wakatika kama kijiti. Zima umeme kwa meni swichi kabisa, usitegemee swichi ya tanuri, pasha pale kwa tochi ya gesi hadi pawe pekundu ndo ukunje.

Na hiyo koili mpya utakayoweka, ifute kwa spiriti kwanza, hapa kwetu upepo wa bahari hauachi kitu bila chumvi na klorini yalila ganda kabla halijashika. Alafu choma tanuri tupu, 1050 kwa masaa saba hivi mlango umeacha hewa ipite, bila chungu bila glezi (ile rangi ya kung'arisha vyungu). Udongo wenye chumvi usiuingize kabisa, si siku hiyo wala baadaye.