Kioo cha nyuma kikipasuka, badilisha

Pole sana, ndugu. Umeuliza kama kioo cha nyuma cha Corolla yako, kilichopigwa jiwe njia ya Manyoni, kinaweza kuzibwa. Hakizibiki. Cha mbele kina tabaka mbili zenye plastiki katikati, ndiyo maana ufa mdogo hutibika; cha nyuma kimeimarishwa kwa joto, kikivunjika humwagika chote punjepunje.

Ukinunua cha mtumba, mpe muuzaji namba ya chesisi, halafu kagua ile mistari ya kahawia inayoondoa ukungu. Mstari ukikatika, haupashi tena. Kwenye baadhi ya magari antena ya redio nayo imo humo humo.

Ila kazi yenyewe iko kwenye gundi. Vumbi letu la Dodoma ni adui, kwa hiyo usikubali kibandikwe kando ya barabara upepo ukivuma. Fundi asafishe fremu, apake praima, yaani rangi ya awali ya kuzuia kutu, palipochubuka. Kutu ikianza chini ya gundi, mvua za Januari zitaingia hadi kwenye buti. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo: ukibamiza mlango, hewa iliyobanwa ndani husukuma kioo kabla gundi haijashika. Kuosha kwa pampu kusubiri.