Keki Inabaki Nusu Kwenye Sufuria, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Kitangiri hapa Mwanza, naoka keki za oda ndogondogo kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria. Keki inaiva fresh na inanukia mpaka kwa majirani, ila nikiigeuza nusu inatoka nusu inabaki chini. Mafuta ya alizeti namimina ya kutosha tu. Ninunue vyombo vya nonstiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako kaa nayo kwanza. Mafuta ya alizeti ni ya maji, ukiyapaka pembeni yanateremka yote yanaenda kutuama chini, huku juu sufuria imebaki kavu, alafu yale ya chini rojo linayanywa. Tumia siagi au mafuta ya kupikia yale yanayoganda, kiasi cha kijiko cha chai tu, paka kwa kidole kote mpaka kwenye ile kona ya chini, maana keki nyingi hunasia hapo hapo. Nyunyiza unga kijiko kimoja, zungusha sufuria huku unaigonga gonga mpaka unga ushike kila mahali, uliobaki kung'uta kabisa. Keki ya chokoleti weka kakao badala ya unga, la sivyo inatoka na mabaka meupe.

Chini tandika beking pepa. Simamisha sufuria juu yake, chora duara kwa penseli, kata kwa ndani ya mstari, paka mafuta kidogo chini ya karatasi isitembee. Kuna wanaotandika gazeti, mi hapana jamani, wino ule unaenda tumboni kwa mteja.

Sasa moto, na hapa ndo nakushuku. Mkaa ukiwa mwingi chini, sukari ya kwenye keki inaungua inageuka gundi na hapo hata upake debe la siagi haikusaidii. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, chini acha kidogo ulioanza kushika majivu, na kwenye sufuria kubwa weka mchanga mkavu au vijiwe ili ile ndogo isigusane na moto wa moja kwa moja.

Ikiiva usiigeuze hapo hapo, bado laini itavunjika. Subiri kama dakika 10, pitisha kisu pembeni, funika sahani, pindua. Ukiisahau mpaka ikapoa kabisa mafuta yanaganda na inashika tena, hapo pasha kitako cha sufuria sekunde chache tu.

Nonstiki ni nzuri kwa mwenye oveni. Ule utando wake ukipita nyuzi 260 unaanza kuharibika, na mkaa wa kupepea nani anaupima? Na ukisuguliwa na stili waya mara mbili tatu ndo basi.

SWALI: Na sato je? Niko Igombe, nikimuoka ngozi yote inabaki kwenye trei.

JIBU: Anaingia na maji huyo. Mfute akauke kabisa nje na tumboni, mpake mafuta yeye mwenyewe, trei ipate moto kwanza. Au mtandikie vitunguu na nyanya za duara alale juu yake. Usimguse guse, ngozi ikishakauka inaachia yenyewe.